Koko Alionekana Mgonjwa: Uchambuzi wa Kisa cha Picha za Asubuhi ya Baridi, Kabare

Siku ya tatu baada ya kumkabidhi picha, mteja wangu alirudi studio, akaiweka simu yake mezani kabla hajaketi, akasema: "Papa, mama anafanana mugonjwa." Alikuwa ametanguliza dola 50 na alibakiwa na 70 za kumalizia, na alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole msibani, kwamba hizo 70 hazitatoka mpaka mama yake aonekane jinsi alivyo. Mama huyo, mwenye umri wa miaka 81, hakuwa mgonjwa hata kidogo. Siku ya picha alipanda mwenyewe mteremko wa shamba la chai kwa fimbo yake, na Jumapili iliyofuata alikwenda misa kwa miguu. Hata hivyo, nilipozifungua picha kwenye kompyuta, nilikiona kile alichokiona binti yake: uso wa rangi ya majivu, midomo iliyofifia, macho yanayolengalenga, mabega yaliyopandishwa karibu na masikio. Sikuwa na la kubisha.

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, "bibi" ni mke wa mtu, kwa hiyo katika maelezo haya mama mzee nitamwita koko, kama wajukuu wake walivyomwita siku nzima. Swali ninalotaka kulijibu ni moja: kwa nini mtu mzima wa afya alitoka na sura ya mgonjwa katika picha nyingi kati ya 212 nilizopiga asubuhi ile? Kamera huandika saa ya kila picha pamoja na mipangilio yake, na mimi nilikuwapo, kwa hiyo ushahidi upo wa kutosha kunihukumu.

Familia ilikutana mwishoni mwa mwezi wa sita kwa sababu dada mmoja, anayeishi Ubelgiji, alikuwa likizoni kwa siku chache tu. Ndiye aliyenitumia mifano ya picha alizozipenda: familia za huko zilizopigwa mwezi wa kumi katika vilima vya Ardennes, watu wakiwa wamevaa makoti mazito, majani ya miti yamegeuka manjano na kahawia, ukungu mwepesi nyuma yao. Akauliza kama tunaweza kupata "baridi kama ile, lakini ya nyumbani." Nilimjibu upesi mno kwamba inawezekana. Majani ya manjano hatuna, kwa maana miti yetu haina msimu wa kuyapukutisha kwa pamoja. Lakini ukungu tunao, na shamba la chai la upande wa Kabare, chini ya mlima Kahuzi wenye mita 3,308, asubuhi za kiangazi huwa zuri kiasi cha kumfanya mpiga picha asahau mambo mengine. (Kilele cha juu kabisa cha Ubelgiji, Signal de Botrange, kina mita 694. Uso wa Ziwa Kivu peke yake uko kwenye mita 1,460 hivi, yaani watoto wetu wanaoogelea ufukweni wako juu ya milima yao mara mbili na zaidi. Nilimwambia dada huyo, akacheka, lakini ningepaswa kulisikiliza neno langu mwenyewe.)

Maana urefu huo una bei yake. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Simu yangu ilionyesha mita 1,980 tulipoegesha gari, na kipimo cha gari kilisoma nyuzi 11. Tena usiku wa kiangazi anga huwa haina mawingu, ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni polepole kama maji na kutuama huko mpaka jua liipashe. Ukungu hukaa palepale hewa hiyo ilipotuama. Mimi nilichagua bonde. Nilipachagua siku mbili kabla, nikiwa peke yangu, nimevaa koti na kofia ya sufu, ninatembea huku na huko kutafuta mahali pa kusimama, na mtu anayetembea hajui baridi ya mtu aliyeketi. Mita 30 juu ya hapo, kwenye mgongo wa kilima, palikuwa na nyumba ya shangazi yao yenye ukuta wa udongo unaotazama mashariki. Niliiona, lakini nilipita.

Sasa nifuate saa. Jua huchomoza kwetu majira hayo kwenye saa 12 na dakika chache. Saa 12 na dakika 20 koko aliketishwa kwenye kiti cheupe cha plastiki katikati ya chai. Wote 14 walikuwa wamevaa vikwembe (vitenge) vya aina moja na blauzi nyepesi. Makoti, sweta na mashali vilibaki garini, kwa sababu dada wa Ubelgiji hakutaka rangi nyingine iingie katika picha. Nilianza na wajukuu, kwa hesabu kwamba watoto huchoka upesi. Nikaendelea na wanandoa, kisha mabinti watatu, kisha picha ya wote. Picha za koko peke yake niliziweka mwisho. Sikufanya hivyo kwa kumsahau. Katika sherehe zetu mkubwa husema mwisho, na nilidhani ninampa heshima yake. Matokeo ya heshima hiyo ni kwamba mtu wa miaka 81 alikaa kwenye plastiki baridi, ndani ya ukungu, bila kutembea, kwa saa moja na robo.

Nilipoanza kutafuta kosa, kama wapiga picha wengi, nilianzia kwenye mashine. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa kipimo cha mwanga. Kipimo kilichomo ndani ya kamera hakijui kama kinatazama ukungu, ukuta au uso wa mtu. Huchukulia tu kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vinarudisha mwanga wa kiasi cha kati, ile asilimia 18 tunayofundishwa tangu siku za kwanza. Katika picha ya wote, ukungu mweupe ulijaza karibu robo tatu ya fremu. Kamera ikauona weupe ule, ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza. Ukungu ukatoka wa kijivu cha kupendeza, kama nilivyoutaka, na nyuso za watu weusi zikazama gizani kwa hatua moja na nusu (kila hatua hukata mwanga nusu). Dawa yake ni ya zamani na kila mtu anaijua: ongeza fidia ya mwanga kwa hatua moja au zaidi, au usogee karibu, upime uso peke yake, kisha urudi nyuma. Nilifanya hivyo kwa wanandoa. Kwa picha ya wote sikufanya, kwa sababu kioo kidogo cha kamera kilikuwa na matone ya unyevu, na kwenye mwanga hafifu kioo chochote huonekana angavu kuliko kilivyo. Histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha, ingenionya. Sikuifungua.

Mshtakiwa wa pili ni rangi. Siku moja kabla nilikuwa harusini ufukweni, kwenye jua kali, na nilikuwa nimeifunga kamera kwenye kelvini 5,200 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga ni wa buluu zaidi) ili nguo nyeupe ya bibi harusi isibadilike kila ninapogeuka. Asubuhi ya Kabare niliiwasha ikiwa vilevile. Mwanga wa ukungu kabla jua halijaupenya ni wa buluu, na kwa makadirio yangu ulikuwa kwenye kelvini 7,500 hivi. Kamera iliyofungwa kwenye rangi ya jua huuandika ubuluu huo kama ulivyo. Kwa chai na kwa milima haukuleta shida, pengine uliongeza hata uzuri. Kwa ngozi yetu ni jambo jingine. Kahawia, ukiitazama kwa makini, ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, na buluu ndiyo rangi inayoiua chungwa. Zikutane kwa kiasi, kinachobaki ni kijivu. Ndiyo maana picha ya Mzungu iliyopigwa kwenye mwanga huo humwonyesha amepigwa na baridi kidogo tu, pua na mashavu yakiwa mekundu, na picha ya mmoja wetu humwonyesha kama mtu aliyemwagiwa majivu. Mifano ya Ardennes haikuweza kunionya juu ya hilo.

Haya mawili nilidhani yanatosha kueleza kila kitu. Kwa bahati nilikuwa nimehifadhi faili ghafi, ambazo hubeba habari nyingi kuliko picha iliyokwisha kubanwa, kwa hiyo niliupandisha mwanga kwa hatua moja na nusu, nikauchukua weupe wa kile kiti cha plastiki kama kipimo cha rangi, na ubuluu ukaondoka. Wajukuu wakapona mara moja. Dada wa Ubelgiji akapona. Mteja wangu mwenyewe, aliyesimama nyuma ya kiti, akatoka na mashavu yake ya siku zote. Koko akabaki vilevile. Alikuwa angavu sasa, mwenye rangi sahihi, na bado mgonjwa.

Hapo ndipo niliweka picha mbili bega kwa bega, na ningemshauri yeyote mwenye malalamiko ya namna hii afanye hivyo kabla ya kugusa kirekebishi kingine chochote cha programu. Ya kwanza ni ya saa 12 na dakika 52, ndani ya bonde. Ya pili ni ya saa 2 na dakika 9, kwenye ukuta wa shangazi. Mtu ni yuleyule, lenzi ni ileile, na zote nimezisawazisha mwanga na rangi kwa kipimo kimoja. Katika ile ya kwanza midomo ya koko ina rangi moja na kidevu. Mpaka kati ya mdomo na ngozi unautafuta. Katika ya pili mdomo wa chini una wekundu wake. Katika ya kwanza kucha zilizoshika fimbo ni za kijivu, vidole vimeikaza fimbo kama mtu aliye juu ya ngazi. Katika ya pili mkono umelala tu juu ya fimbo. Na mashavu: katika ya kwanza hayana nuru yoyote, ni bapa kama karatasi, katika ya pili kuna mstari mwembamba wa mng'ao kuanzia kwenye mfupa wa shavu hadi karibu na pembe ya mdomo, na mstari huo peke yake unakuonyesha umbo lote la uso.

Mng'ao huo una maelezo mawili. La kwanza ni poda. Mjukuu mmoja, kwa mapenzi yake, alimpaka koko poda asubuhi ili asing'ae. Kwenye studio yenye taa kali ningemshukuru. Kwenye ukungu, ambako mwanga unatoka pande zote na hakuna kivuli cha kuchonga uso, ngozi nyeusi hutegemea mng'ao wake mwenyewe ili umbo lionekane, na poda hufuta kitu hichohicho. La pili ni kwamba ngozi ya mzee kwenye hewa ya baridi hukauka na kupauka, na vile vigamba vidogo vya ukavu hurudisha mwanga mweupe uliotawanyika, ndio ule weupe wa magoti ya mtoto asiyepakwa mafuta. Poda juu ya ukavu ni majivu juu ya majivu.

Lakini midomo na kucha hazikupakwa poda. Hilo ni la mwili wenyewe. Mtu akipoa, mishipa midogo ya ngozi hujibana ili damu yenye joto ibaki ndani, kwenye moyo na matumbo, na ngozi ikikosa damu hupoteza wekundu wake. Kwa mtu mweusi hutauona upauko huo shavuni haraka, utauona kwenye midomo, kwenye kucha na ndani ya kope. Mabega hupanda ili kuifunga shingo. Macho hutoa machozi. Kijana angekuwa ametetemeka, nami ningeona. Mzee hatetemeki upesi namna hiyo, na hata hisia ya baridi humfikia ikiwa imechelewa. Mara mbili nilimwuliza kama yuko sawa, na mara mbili alinijibu: "Siko nasikia baridi, mwanangu." Nilimwamini, na sidhani kwamba alinidanganya. Tena mtu wa umri wake, mbele ya watoto waliotoka mbali kwa ajili yake, hata angesikia asingesema. Kuuliza hakukuwa kipimo. Kipimo kilikuwa kumshika mkono, jambo ambalo kwa adabu zetu lingekuwa jepesi kabisa, kwa sababu salamu tu ingetosha.

Mshtakiwa mmoja nimwachilie huru. Betri yangu moja ilikufa saa 1 na dakika 10, na ndugu kadhaa walisema ni baridi. Baridi kali kweli hudhoofisha betri za lithiamu, lakini nyuzi 11 si baridi ya kuua betri nzima. Ile ilikuwa kuukuu tu.

Kilichotuokoa kwa sehemu hakikuwa busara yangu. Saa 1 na dakika 35 mjukuu wa miaka sita alilia kwamba mikono inamuuma, na mama yake akaamua kwamba watu wote wapande kwa shangazi. Ndani kulikuwa na mbabula, yaani jiko la makaa, yenye makaa mekundu na sufuria ya chai ya maziwa. Nilifanya kosa jingine hapo: niliingia na kamera shingoni, ikiwa imepoa kama jiwe, ndani ya jiko lililojaa mvuke, na lenzi ikafunikwa na umande kwa dakika kama kumi, kwa kuwa mvuke hutua juu ya chochote kilicho baridi kuliko wenyewe. Ningeifunga ndani ya begi lake kabla ya kuvuka mlango, umande ungetua juu ya begi. Nilipokuwa ninasubiri lenzi ikauke, nilimtazama koko. Alikunywa vikombe viwili. Aliomba maji ya moto, akanawa uso, poda ikaondoka, kisha akaomba mafuta ya kujipaka, akajipaka uso na mikono taratibu, kidole kwa kidole. Akajifunika shali ambayo mtu alikuwa ameileta kutoka garini. Kiasi cha dakika 25 zilipita. Kisha akatoka mwenyewe, akasimama mbele ya ukuta kwa kuwa hapakuwa na upepo, na mimi nikapiga picha tisa.

Mwanga wa picha hizo tisa unastahili maneno machache, kwa sababu haukudumu. Kufikia saa 2 ukungu ulikuwa umekonda, jua linapita ndani yake kama kupitia shuka, likitoka upande mmoja sasa, kwa hiyo shavu moja lilikuwa na nuru na la pili kivuli laini. Katika Ardennes, katikati ya mwezi wa kumi, jua la saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 32 hivi, kwa hiyo mpiga picha wa huko ana mwanga wa pembeni siku nzima. Kwetu jua hupanda kwa haraka. Mwishoni mwa mwezi wa sita hufikia kimo hichohicho saa 2 na nusu asubuhi, na haliachi kupanda mpaka lifike nyuzi 64 hivi, upande wa kaskazini. Ukungu ulipoisha saa 2 na dakika 25, macho ya watu yalianza kufinywa na jua, na vivuli vikaingia chini ya nyusi. Nilikuwa na robo saa nzuri, na niliipata kwa sababu mtoto alilia.

Nilimwita mteja nikamwonyesha haya yote kwenye kioo kikubwa, pamoja na zile picha mbili bega kwa bega, na sikuficha ni lipi lilikuwa langu. Picha tisa za ukutani alizikubali papo hapo. Tatizo lilibaki kwenye picha ya wote 14, ambayo ilipigwa bondeni tu. Baada ya chai wajukuu wawili walikuwa wamelala na dada wa Ubelgiji alikuwa kwenye simu, na mimi sikusisitiza kuirudia. Sasa amekwisha kuondoka. Nilijaribu kuirudisha midomo ya koko kwa programu, ikatoka kama amepaka rangi ya mdomo, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Nilipendekeza picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe, ambamo kijivu hakimshtui mtu. Mteja aliitazama muda mrefu, akasema picha za namna hiyo kwao hutundikwa mtu akishakufa. Tulikubaliana alipe 40 badala ya 70, na picha ya wote nikamchapia ndogo, ya albamu, bila malipo.

Mwezi wa nane familia nyingine iliomba shamba lilelile, nao walikuwa na mzee, baba wa miaka 76. Nilimwambia mtoto wake awalete wengine saa 12 na nusu lakini mzee aje saa 2 kasoro robo, akiwa amekunywa chai, amepakwa mafuta, bila poda, na koti lake alivae mpaka nitakapoiinua kamera. Nilimsalimia kwa mikono miwili, nikaisikia ina joto. Yeye ndiye niliyempiga kwanza alipofika, na picha ya wote ikafuata papo hapo, juu kwenye mgongo wa kilima. Uso wake ulitoka vizuri. Walipokuja kuchukua kazi yao walilipa zote, isipokuwa binti mmoja aliniuliza kwa nini kwenye picha ya wote hakuna ukungu, maana kwa ukungu huo ndiyo walipanda hadi kule.